Mtoto wa miaka miwili, joto la Dar na hela ya mawazo: jinsi ya kumchangamsha kutwa nzima bila kufilisika

Dada wa kazi aliniaga katikati ya Desemba kwamba anaenda kwao kula Krismasi, na begi aliloondoka nalo lilikuwa kubwa kuliko alilokuja nalo, kwa hiyo moyoni nilishajua kinachofuata. Nikabaki na bosi wangu wa miaka miwili na miezi minne, chumba na sebule ya bati, feni moja, na cherehani yenye oda za watu wa sikukuu. Hela yote imeshapigiwa hesabu ya ada za kaka zake Januari. Na joto ndo lile mnalolijua, la kaskazi, unaoga unatoka bafuni unajifuta, huelewi unafuta maji au jasho.

Siku ya tatu nikachanganyikiwa nikaenda Kariakoo nikanunua gari la polisi la betri, 15,000. Linalia, linawaka taa, linageuka lenyewe. Siku ya pili likagoma. Bosi wala hakujali, alikuwa ameshahamia kwenye box lake, analivaa kichwani, analisukuma, analala ndani miguu ikiwa nje, siku nne nzima box tu. Nikakaa chini nikafikiria vizuri, na nilichokuja kugundua wiki zilizofuata ni kwamba shida ya hawa watoto wakati wa joto sio kukosa vitu vya kuchezea, shida ni saa. Mchezo mzuri ukiuleta saa 8 mchana chini ya bati utaishia kwenye kilio, na kitu cha kijinga kabisa ukikileta saa 12 na nusu asubuhi kinakupa nusu saa nzima ya amani. Kwa hiyo mwongozo wote huu unaanzia kwenye jua.

Hatua ya kwanza: lifuatilie jua la nyumbani kwako siku moja

Kabla hujanunua wala kutengeneza chochote. Kwa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi jua linachomoza saa 12 na dakika kadhaa, ikifika saa 4 asubuhi limeshakuwa kali, na halianzi kulegea mpaka saa 10 jioni hivi. Hapo siku yako imeshajigawa yenyewe: asubuhi mpaka saa 4 ni ya nje na ya kukimbia, saa 4 mpaka saa 10 ni ya kivuli, maji na usingizi, na saa 10 mpaka magharibi ni ya kutoka.

Sasa zunguka nyumba. Asubuhi kivuli kinakuwa upande wa magharibi wa nyumba, mchana kinahama kinaenda mashariki. Kwangu ina maana asubuhi tuko upande wa chooni, sio pazuri sana ila pana simenti safi, mchana tunahamia kwenye kibaraza cha mlangoni. Kama uani kuna mwembe au mkungu basi umepata sebule ya bure, maana nyumba ya bati isiyo na silingibodi mchana ni bora ukae nje chini ya mti kuliko ndani, hilo mimi nilichelewa kulielewa, nilikuwa namfungia mtoto ndani nikidhani namkinga na jua kumbe namwoka.

Kama huna mti chukua khanga mbili, funga ncha moja kwenye kamba ya kuanikia nguo na nyingine kwenye nondo ya dirisha, tandika mkeka chini. Kivuli kimepatikana, na kwa mtoto hilo sio kivuli, ni nyumba yake.

Na usiogope kwamba anakimbiakimbia sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 anatakiwa apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku. Saa tatu nzima! Ukiona anaruka kwenye kochi saa 2 usiku ujue kuna saa unazodaiwa za mchana.

Hatua ya pili: kusanya vitu, afu vifiche

Vingi unavyo. Mimi nilinunua beseni kubwa tu, 6,500, na brashi la rangi 1,500 ambalo nitalielezea mbele. Vingine nilivipata hivi: kisado cha plastiki, chujio la chai, mwiko mfupi, vifuu viwili vya nazi nilivyovisugua vikawa laini, makopo ya plastiki ya siagi na vifuniko vyake, chupa za maji za saizi tofauti, kikapu kidogo cha ukindu kilichochoka, na maboksi. Maboksi omba kwa Mangi mwenye duka asubuhi akiwa anafungua mzigo, ukienda jioni ameshayauza au ameyachoma. Chukua ya tambi na ya sabuni, ni magumu kidogo. Yenye pini za chuma ng'oa pini zote kwanza.

Kuna kipimo kimoja nilifundishwa na nesi kliniki na mpaka leo nakitumia: ile karatasi ya duara inayobaki katikati ya toileti pepa ikiisha, chukua, pitisha kitu humo ndani. Kikipita, ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, anaweza kukimeza kikamkaba. Nilipopima nilishtuka, vifuniko vya chupa za maji vinapita. Vya soda ndo kabisa, na vinakata. Kwa hiyo chupa nampa bila kifuniko, na vifuniko anavyochezea ni vya makopo ya siagi tu. Maharage, karanga, mbegu za ubuyu, shanga, betri, hivyo vyote hapana, hata kama umeona mtu kwenye video anampa mwanae amimine maharage kwenye vikombe. Ampe wa kwake.

Na chupa zilizowahi kuwekwa mafuta ya taa, dawa ya choo au dawa ya mende usizitoe hata kama umeziosha mara kumi. Tena ukishampa mtoto chupa za maji kama vitu vya kuchezea ujue umemfundisha kwamba chupa ya maji ni yake, kwa hiyo kama nyumbani bado mnahifadhi mafuta ya taa au jiki kwenye chupa za maji, acheni kabla hamjaanza.

Ukishakusanya gawa mafungu matatu. Fungu moja mpe, mawili tia kwenye lile begi la shangazi kaja weka juu ya kabati. Kila baada ya siku tatu badilisha. Hii ndo siri inayofanya kitu cha bure kiwe kipya, anakuja kukutana na kisado chake kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Nilijaribu kumwachia vyote kwa pamoja, alivimwaga, akavipita, akaja kunivuta gauni. Vitu ishirini vikiwa chini sakafuni mtoto havioni.

Hatua ya tatu: asubuhi, mtoe nje kabla hujafanya kitu kingine

Najua kishawishi cha kusema ngoja kwanza nifagie, nioshe vyombo, nifue, alafu ndo nitoke nae. Ukimaliza ni saa 4 na jua limeshakupiga chenga. Sisi tukishakunywa uji tu tunatoka, vyombo vitasubiri, havina miguu.

Safari yetu kubwa ni gengeni. Ni mwendo wa dakika tano mimi mwenyewe, na yeye ni dakika arobaini, na nikaamua tu ziwe arobaini. Anabeba kikapu chake cha ukindu. Anaokota jiwe, analiweka. Anakutana na kuku, anasimama, kuku nae anasimama, wanatazamana pale kama wana kesi. Anamsalimia kila mtu shikamoo, hata watoto wenzake, hata mbuzi. Tukifika mama wa genge anampa nyanya moja mkononi, "shika baba, ya kwako hiyo," na hapo utaona heshima ya ajabu, anaibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani bila kuiweka hata kwenye kikapu. Siku moja aliiminya ikapasuka karibu na mlango, tulilia. Sasa hivi nampa limao.

Kumbe unachotakiwa kufanya ni kumgawia kazi yako. Kazi unayoifanya kila siku ndo mchezo anaoutaka, anakuona ukiifanya kwa bidii anajua lazima ina utamu. Kuchambua mchicha: mpe majani yale ya njano awe anatupa kwenye ndoo. Kuanika nguo: yeye ananyoosha mkono kukupa vibanio kimoja kimoja. Kibanio tegemea kimoja kwa dakika nzima, ila je, una haraka ya kwenda wapi. Kufagia: fagio la chelewa nililikata likawa fupi, nikazunguzishia raba ncha zisitawanyike maana zinachoma macho, akawa anafagia uchafu kuurudisha nilipoutoa.

Gari la box ni hili: chukua box la sabuni, toboa tundu moja mbele, pitisha kamba, piga fundo kubwa ndani. Kamba isizidi urefu wa mkono wake, kamba ndefu inaweza kumzunguka shingoni. Ndani anapakia mawe, kopo, paka kama paka anakubali. Usihangaike kuweka matairi, nilimtengenezea ya vifuniko vya makopo, kazi ya saa nzima, akayang'oa akabaki kuyachezea matairi. Box la kuburuta linatosha na lile kwaruu kwaruu lake kwenye simenti ndo analipenda.

Mpira wa karatasi na nailoni hauna haja ya maelezo, chandimu kila mtu anajua kufunga. Ila ufanye mkubwa, kama tikiti dogo, miguu ya miaka miwili inakosea mpira mdogo na akikosea mara tatu anaanguka makusudi kulia.

Hatua ya nne: maji, hapa ndo penye kazi yenyewe

Saa 4 mpaka saa 6 na nusu. Beseni kivulini, maji kina cha vidole vitatu vilivyolazwa, basi. Usijaze. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji machache sana, kichwa chake ni kizito, akiinama mbele akadondokea uso hawezi kujiinua haraka, na hapigi kelele, ni kimya. Kwa hiyo ukiwa kwenye beseni uko kwenye beseni. Simu ikiita iite. Mteja akigonga geti unamtoa mtoto kwenye maji unaenda nae, amelowa hivyohivyo. Na sio beseni tu, ndoo ya kufulia, pipa, kisima cha chini cha uani, vyote vifunikwe. Kwa hili sina utani kabisa.

Afu maji usimpe na vitu vyote kwa mkupuo. Mimi nina mpangilio, na kila kitu kinaongezwa pale tu anapoanza kuchoka na cha mwanzo:

Kwanza maji peke yake. Anapigapiga, anakaa ndani, dakika kumi.

Pili vifuu na kisado. Kumimina kutoka hiki kwenda kile. Hapa anatulia muda mrefu, na wewe umekaa pembeni yake unamwangalia.

Tatu chupa yenye matobo. Chukua chupa ya lita moja na nusu, pasha msumari motoni, toboa matundu matatu, moja chini karibu na kitako, moja katikati, moja juu. Ukiijaza maji ya tundu la chini yanatoka kwa nguvu kuliko ya juu, kwa sababu yana uzito wa maji mengi juu yake. Bosi hajali sababu, anaziba tundu kwa kidole, anaachia, anaziba, anaachia, na kila likiruka anacheka upya kama hajawahi kuliona. Kutoboa fanya yeye akiwa amelala.

Nne kufua. Soksi zake mbili na kipande cha sabuni ya mche kidogo kisichopita kwenye ile karatasi ya duara. Zinatoka chafu zaidi.

Tano ndo brashi. Mtoe kwenye beseni, mpe kisado chenye maji kidogo na lile brashi la 1,500, mwambie akapake rangi ukuta. Ukuta wa simenti ukilowa unakuwa mweusi, akirudi mwanzo alikoanzia pameshakauka pamerudi kuwa peupe, anaanza upya. Huu mchezo hauishi, na joto la Dar ndo linalouendesha, yaani hapo kwa mara ya kwanza joto linakufanyia kazi. Baba mwenye nyumba wetu siku ya kwanza alipita akauliza "mama, huyu fundi mmeshamwajiri?", siku ya tatu nikamkuta kamletea brashi kubwa la chokaa lililokauka.

Mambo madogo ya kuangalia hapa. Maji yanayotoka kwenye bomba lililopigwa na jua au kwenye tanki la juu, mchana yanakuwa ya moto kweli, yajaribu kwa mkono wako kwanza. Ukimaliza usiyaache maji yamesimama kwenye vikopo, mbu wa dengi anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama na anauma mchana, Dar tulishapata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019 na sina hamu. Yale maji mimi napigia deki na yanayobaki namwagia chooni, kwa hiyo bili haiongezeki. Mkaushe vizuri shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, vipele vya joto vinapenda sehemu iliyobaki na unyevu.

Na kuna barafu. Chukua kopo la siagi, tia maji, tumbukiza ndani kijiko cha plastiki, kifuniko kikubwa na ua la mlangoni lisilo na sumu (mimi natumia la bamia au la choya nikilipata), gandisha. Asubuhi unampa pande la barafu kwenye beseni na kijiko, kazi yake ni kuwatoa walionasa. Kama huna friji kuna jirani anauza barafu za ubuyu, mpe mia mbili akugandishie, mimi ndo nilivyofanya. Kumpa barafu kupozea koo sawa, ila ya kwenye mfuko mchanie uimimine kwenye kikombe, asing'ate nailoni, na vipande vidogovidogo vigumu usimwachie mdomoni.

Hatua ya tano: mchana, usingizi na ile saa mbaya

Akitoka kwenye maji anakula kama mkulima, afu analala. Ukipangilia hivyo usingizi unakuja wenyewe bila vita, na watoto wa mwaka mmoja mpaka miwili wanatakiwa walale jumla ya saa 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na wa mchana. Mtandikie chini kwenye mkeka, chini kuna ubaridi, feni isimpige usoni moja kwa moja. Huo ndo muda wako wa cherehani. Au wa kulala na wewe, sitakuhukumu.

Saa mbaya ni akiamka. Saa 9 hivi. Bati limeiva, umeme ukiamua kukatika ndo saa hiyo, nje bado hapatokeki, mtoto kaamka na jasho na hajui anataka nini. Hapa usilete mchezo wa nguvu. Lete maji ya kunywa kwanza au tikiti, mfute na kitambaa cha maji, afu vitu vya kukaa.

Cha kwanza ni khanga. Najua mtu atacheka, ila khanga ni kitabu cha picha. Itandaze nzima sakafuni, mtafute korosho, mtafute maua, mfuate pindo kwa kidole kuzunguka pande zote nne mpaka mrudi mlipoanzia, mtafute maandishi, "haya niambie imeandikwaje", na yeye anakusomea kitu kirefu kisichoeleweka kwa sauti ya mhubiri. Nina khanga kumi na moja, ina maana nina vitabu kumi na moja. Baadae zinageuka kuwa pango: mbili juu ya viti, kopo la uji ndani, mgeni anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa chai ya hewa. Yeye mwenyewe ndo mwenye nyumba, na anakufukuza akichoka na wewe.

Cha pili ni unga. Kama ni siku ya chapati mpe donge lake kwenye sinia, finito. Kama unataka linalokaa siku kadhaa changanya hivi: ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta ya kula vijiko 2, maji ya uvuguvugu unaongeza kidogokidogo mpaka liache kunata, huwa hayafiki kikombe kimoja. Rangi tumia manjano, au maji ya choya yaliyochemka upate wekundu. Lihifadhi kwenye kopo lililofungwa, likianza kunuka tupa. Lina chumvi nyingi sana kwa hiyo kama mwanao bado ni wa kula kila kitu usimpe hili, chumvi nyingi sio nzuri kwa mtoto, baki na la chapati. Unga wa muhogo mbichi nao achana nao kabisa kwa mtoto anayelamba. Na manjano yanashika nguo jamani, mvue.

Simu. Tuseme ukweli, simu ipo. Huo mwongozo wa 2019 unasema mwaka mmoja bora asiangalie kabisa, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Mimi natoa dakika ishirini saa hii ya saa 9, katuni nilizodownlodi na bando la usiku, naweka simu kwenye airplane ili asipige watu, na zikiisha zimeisha kwa sababu hakuna nyingine. Ukimwachia intaneti wazi inajipigia video nyingine yenyewe, hapo utapambana nayo wewe.

Ukiona amelegea kuliko kawaida, midomo mikavu, analia bila machozi, pampasi kavu saa sita nzima, au mwili wa moto na hajielewi, hiyo sio ishu ya mchezo tena, mpeleke hospitali.

Hatua ya sita: saa 10, tokeni

Kama una binamu wa likizo nyumbani, hii ndo saa yao. Chagua mmoja mwenye miaka tisa kumi, mpe cheo cha mwalimu, dakika thelathini, wakacheze shule au kibaba-kibaba kibarazani unapowaona. Mtoto mdogo anamsikiliza mtoto mkubwa kuliko anavyokusikiliza wewe mzazi wake. Ila kwenye maji na barabarani usimwachie mtoto mwenzie hata dakika moja, sio kazi yake.

Mara moja au mbili kwa wiki tunatoka mbali kidogo, na nimegundua kwa mtoto huyu usafiri ndo tukio lenyewe, mnakoenda hakuna maana. Tunapanda basi la mwendokasi saa ambayo watu hawajabanana, siti ya dirishani, tunaenda mpaka Kivukoni, tunashuka, tunaangalia pantoni zinavyopakia magari. Siku nyingine tunavuka nayo mpaka Kigamboni na kurudi, upepo wa bure. Kuna siku tunaenda Kipawa kwa shangazi yake, ndege zinapita chini kiasi kwamba anaziita kwa mkono zisimame kama bodaboda. Tangu treni ya umeme ianze 2024 amepata na hiyo pia, tukisikia inapita anakimbia hadi getini.

Coco Beach ni bure kuingia, mchanga upo, maji yapo, mzigo wenu ni kisado na chujio lile lile. Nenda maji yakiwa yametoka, yanaacha vidimbwi kwenye miamba vyenye kaa wadogo, mtakaa hapo mpaka magharibi, ila mvishe viatu, miamba inakata na kuna wale wadudu wa miiba myeusi. Ujue pia maji yakianza kujaa yanakuja haraka kuliko unavyodhani, mshike mkono muda wote. Jumapili jioni usiende, ni umati.

Kula mle nyumbani au mbebe. Pale mihogo inanukia, mishkaki inanukia, na mwenye puto anajua kabisa kumsogelea mama aliyechoka. Sheria yangu ni kitu kimoja tu kwa safari na anachagua kabla hatujafika. Puto likipasuka okota vipande vyote palepale, vinakaba.

Hesabu ya mwezi mzima

Beseni 6,500. Brashi 1,500. Unga na chumvi 2,000. Barafu kwa jirani mara nane, 1,600. Nauli na pantoni zote kama 9,000. Puto mbili, 2,000, ile sheria yangu ilivunjika mara moja. Jumla 22,600, na beseni na brashi vitatumika mpaka Machi.

Gari la polisi sijalihesabu. Lipo, linazuia mlango wa sebule usijipige na upepo.